Mwanagenzi, kozi fupi au mkufunzi aje kazini? Njia nne za kupata watu wenye ujuzi Unguja na Pemba

Hoteli ya vyumba thelathini Kiwengwa, gereji ya Chake Chake na kampuni ya viyoyozi ya Mombasa, Unguja, zina kilio kimoja. Kazi ipo na waombaji wapo, lakini mtu wa kukabidhiwa kazi akaachwa peke yake hapatikani. Anayekuja na cheti hajawahi kugusa mashine kama iliyopo hapo. Aliyekwisha kuizoea mashine hana cheti, na ukimuuliza kwa nini anafanya hivi na si vile, atakwambia ndivyo alivyomkuta fundi wake akifanya.

Vyuo haviko mbali. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ina vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Makunduchi kwa Unguja, na Vitongoji na Daya Mtambwe kwa Pemba. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iko Mbweni na inasomesha mafundi sanifu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kinafundisha utalii Maruhubi. Yapo pia mafunzo ya utalii ya taasisi zisizo za serikali, kama Kawa pale Mji Mkongwe na chuo cha utalii cha Jambiani. Mwenye biashara hukwama kwenye kuchagua aingilie mlango gani: achukue wanagenzi, apeleke watu wake kwenye kozi fupi, amlete mkufunzi kazini, au apokee wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Vigezo vya kupimia

Njia zote nne zimepimwa hapa kwa mambo yaleyale: muda mpaka mtu aachwe peke yake, gharama yote, usimamizi unaohitajika kazini, uzito wa cheti, uwezekano wa mtu kuondoka, na yale yanayoharibika mara nyingi.

Gharama yote maana yake si ada peke yake. Hesabu posho, nauli, nguo na viatu vya kazi, malighafi itakayoharibika mtu akijifunza, na mkono unaokosekana kwenye zamu. Zaidi ya yote, hesabu saa za fundi anayefundisha. Chukua mfano mwepesi: fundi mkuu akitumia saa moja kila siku kwa wanagenzi wawili, siku 26 kwa mwezi, miezi mitatu ya mwanzo inakula saa 78. Hizo ni karibu siku kumi za kazi za mtu unayemlipa kuliko wote. Asiyezihesabu mapema huziona mwezi wa pili, fundi anapoanza kusema vijana wanamchelewesha, na hapo ndipo mipango mingi hufia.

Kwa hiyo kigezo cha usimamizi kina uzito kuliko vyengine. Fundi hodari huenda asiwe mwalimu hata kidogo. Wapo wanaomnyang'anya mwanafunzi spana mkononi kwa sababu wao wataimaliza kazi kwa dakika tano, na wapo wanaoficha ujuzi kwa kuogopa kwamba kijana akishajua, bosi ataanza kupiga hesabu za mshahara. Hofu hiyo ina msingi wake na haiondoki kwa hotuba. Huondoka fundi akipewa posho ya kufundisha, jina lake likaandikwa kwenye mkataba kama msimamizi, na akajua nafasi yake baada ya kijana kuhitimu itakuwa ipi. Kama kazini hapana mtu wa namna hiyo, njia mbili kati ya hizi nne zimeshajiondoa zenyewe.

Njia ya kwanza: uanagenzi kupitia chuo

Mwanagenzi anagawa muda wake baina ya chuo na kazi. Mpangilio unaweza kuwa siku nne kazini na moja darasani, au mafungu ya wiki kadhaa huku na wiki kadhaa kule. Uanagenzi rasmi wa hoteli ulioanzishwa Tanzania kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani ni wa miaka 2. Kwa ufundi wa mikono muda hutegemea fani na makubaliano na kituo.

*Muda.* Ni njia ndefu kuliko zote. Miezi mitatu ya mwanzo mwanagenzi ni mzigo, baina ya mwezi wa nne na wa tisa huwa msaidizi, na baada ya hapo huanza kurudisha alichokula. Mwenye haja ya mtu wiki ijayo asipoteze wakati hapa.

*Gharama.* Ada huwa ndogo ukilinganisha na njia nyengine, na mara nyengine mradi huibeba yote. Mradi wa kukuza ujuzi kwa ajira za vijana katika uchumi wa buluu, unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ni mmoja wa iliyoweka fedha kwenye mafunzo ya aina hii Zanzibar. Inayobaki kwa mwajiri ni posho, nauli, chakula cha mchana, vifaa vya kujikinga na zile saa za fundi. Usiipange biashara juu ya fedha ya mradi, kwa sababu mradi una mwisho wake na mwanagenzi wa mwaka wa pili bado atataka nauli.

*Usimamizi.* Mzito, na ndio unaoamua kila kitu. Kabla ya kwenda chuoni, andika orodha ya kazi unazotaka kijana aziweze. Kwa fundi viyoyozi orodha itakuwa na kusafisha filta na koili. Kupima volti na ampea. Kukata bomba la shaba, kulipanua mdomo na kulifunga. Kutafuta penye kuvuja. Kuvuta hewa na unyevu kwenye mfumo kwa pampu. Kujaza gesi kwa mizani badala ya kukisia. Na kujaza fomu ya kazi. Ipeleke orodha kwa mkuu wa fani, mkae muiweke sambamba na mtaala. Hapo ndipo mtagundua mapengo. Karakana ya chuo inaweza kuwa bado inafundishia mashine za gesi ya R22, inayoondolewa sokoni duniani, na wewe kazi zako zote ni inverta za R32. R32 hushika moto kwa kiasi fulani, ina shinikizo kubwa zaidi, na inataka geji, pampu na tahadhari nyengine. Pengo kama hilo si sababu ya kukataa. Ni sababu ya kukubaliana kwamba somo hilo litafanyika kwako.

Kisha mkataba, na uwe wa pande tatu: mwajiri, chuo na mwanagenzi. Kijana akiwa hajatimia miaka 18 mzazi au mlezi aweke saini, na kazi za hatari aepushwe nazo, kwani Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya 2011 bado inamhesabu mtoto. Ndani ya mkataba kuwe na tarehe za kuanza na kumaliza, saa za kazi, siku za chuo, kima cha posho na siku ya kulipwa, jina la msimamizi, nani anagharimia matibabu akiumia, kipindi cha majaribio, na namna ya kuvunja makubaliano. Barua ya sheha na nakala ya kitambulisho viambatishwe siku hiyohiyo.

Daftari la kazi lijazwe kila wiki, na kila kazi ipewe moja ya alama tatu: ameona, amefanya akiangaliwa, amefanya peke yake. Alama ya tatu isiandikwe mpaka ameirudia kazi mara tatu bila kusahihishwa. Daftari linalojazwa usiku mmoja kabla ya mkaguzi wa chuo kufika halimsaidii mtu, na wakaguzi hulijua kwa rangi moja ya wino.

*Cheti.* Kina uzito, kwa sababu kinatoka chuo kinachotambulika na mwenyewe ana mwaka au miwili ya kazi nyuma yake.

*Kubaki.* Watu hudhani mwanagenzi akihitimu ataruka kwenda hoteli kubwa. Baadhi huruka. Lakini anayetoka shehia jirani, aliyelipwa posho yake kwa wakati na kupewa ajira kabla ya siku ya mwisho, ana sababu chache za kwenda kupanga chumba Nungwi. Wengi huondoka katika ile miezi miwili ya "subiri tutakuita".

*Yanayoharibika.* La kwanza ni mwanagenzi kugeuzwa tarishi: anachemsha chai, anafagia, anatumwa Darajani kununua skrubu, mwaka unakwisha na hajafungua mashine. La pili ni siku ya chuo kuliwa na kazi. Agosti hoteli imejaa, meneja anasema "wiki hii usiende", wiki inakuwa sita, na mtihani anauona kwa mbali. La tatu ni kuchukua wengi. Wawili kwa msimamizi mmoja wanatosha. Wanne ni darasa, na kazini hapana darasa.

*Inamfaa nani.* Karakana, gereji, kampuni za umeme, mabomba na viyoyozi, maseremala, na hoteli zinazofungua mwaka mzima na zenye idara za kumzungusha mtu.

Njia ya pili: kupeleka wafanyakazi kwenye kozi fupi

*Muda.* Siku chache hadi miezi mitatu. Mtu anarudi akiwa na kitu mkononi mwezi huohuo, ilimradi akirudi akute pa kukifanyia. Aliyesomea hesabu kwa kompyuta akarudi kwenye daftari la mkono hubaki na maarifa wiki tatu.

*Gharama.* Ada hujulikana mapema, na huo ni uzuri wake. Isiyojulikana ni njia. Mhudumu wa Nungwi anayekwenda Mwanakwerekwe, safari ya zaidi ya kilomita 50, akitumia saa moja na nusu kwenda na nyengine kama hiyo kurudi, kwa kozi ya siku 20 atakuwa amekaa garini saa 60. Wakati huohuo Mkokotoni iko jirani. Kwa hoteli za Paje, Jambiani na Kizimkazi, Makunduchi ndiyo ya kuulizia kwanza. Pemba, wa Chake Chake na Mkoani waanze na Vitongoji, wa Wete na Micheweni waanze na Daya Mtambwe, na safari ya boti kuja Unguja iachwe kwa fani isiyopatikana huko.

*Usimamizi.* Mwepesi wakati wa kozi, lakini usiwe sifuri anaporudi. Mpe wiki ya kwanza kazi moja inayotumia alichojifunza, na mtake awaonyeshe wenzake wawili. Anayejua kwamba atafundisha husikiliza darasani kwa masikio mengine.

*Cheti.* Hapa kuwa macho. Cheti cha kuhudhuria si sawa na cheti cha ngazi. Uliza kabla ya kulipa: kozi hii inahesabika mtu akitaka kuendelea na ngazi ya juu? Kuna mtihani wa vitendo, au ukikaa siku zote unapewa karatasi? Kwa mafundi sanifu wa Mbweni wanaosoma ngazi za 4 hadi 6 za elimu ya ufundi jibu liko wazi, lakini hayo ni masomo ya miaka, si kozi fupi.

*Kubaki.* Aliyegharimiwa akaondoka baada ya mwezi ni donda. Dawa ni makubaliano ya kubaki yanayopungua kidogo kidogo. Kozi ikigharimu jumla Sh. 600,000 na mkakubaliana miezi 12, deni linapungua Sh. 50,000 kila mwezi. Akiondoka baada ya miezi minane anarudisha Sh. 200,000, baada ya mwaka hadaiwi kitu. Yaandikwe na yasainiwe kabla ya kozi, na yapitiwe na mtu anayeijua Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005. Mwajiri anayeshika cheti cha mtu kama rehani anajitafutia kesi, na pia jina baya mtaani.

*Yanayoharibika.* Kupeleka mtu asiyefaa. Hupelekwa aliye na nafasi, yule ambaye akikosekana kazini hakuna anayeona, na yule anayebeba idara nzima habanduliwi hata siku moja. Matokeo yake ujuzi unakwenda pasipo na kazi. Kosa jengine ni lugha: darasa likiwa la Kiingereza na mtu wa jikoni Kiingereza chake ni cha kusalimia wageni, siku tano zitapita akiitikia kwa kichwa. Uliza darasa linaendeshwa kwa lugha gani, na vitini viko kwa lugha gani.

*Inamfaa nani.* Biashara yenye watu wazuri tayari na pengo moja linalotajika kwa jina: hesabu, mapokezi, usalama wa chakula, umeme wa jua, lugha.

Njia ya tatu: mkufunzi aje kazini

*Muda.* Ndiyo njia ya haraka ikiwa wanaotakiwa kujua jambo moja ni wengi. Hoteli yenye wahudumu wa vyumba 14 inawagawa makundi mawili ya saba. Kila kundi linasoma siku tano, saa nane hadi saa kumi mchana, vyumba vikishakuwa tayari kwa wanaoingia. Wiki mbili kazi imekwisha na hakuna zamu iliyokosa mtu.

*Gharama.* Bei huwa ya siku ya mkufunzi, si ya kichwa. Kwa watu wanne ni ghali, kwa watu 14 ni rahisi. Biashara mbili tatu jirani zikichangia hushuka zaidi, na wenye migahawa ya Forodhani au nyumba za wageni za Jambiani hawana sababu ya kila mmoja kumlipia mkufunzi wake. Ongeza nauli yake, chakula chake, na vifaa anavyotaka. Vifaa viulizwe mapema: mkufunzi wa usalama wa chakula bila kipimajoto cha kuchomeka ndani ya chakula ni mhadhiri tu.

*Usimamizi.* Kabla hajaanza kufundisha, atembee kazini nusu siku aone. Somo la darasani na somo la mahali palepale hutofautiana hapa. Jikoni ataona friji inayosoma nyuzi 11 badala ya 5, kwa sababu mlango hauzibi na umeme ulikatika asubuhi. Ataona wali uliokaa vuguvugu chini ya nyuzi 60 tangu saa sita. Kwenye ghala la usafi ataona chupa za soda zilizojazwa dawa bila maandishi, dawa ya klorini ikiwa pamoja na ya choo yenye asidi. Zikichanganywa hizo mbili hutoa gesi ya klorini, na chooni kusikopita hewa inaweza kumwangusha mtu. Somo litatoka hapo: chupa ziandikwe, dawa zitenganishwe rafu, na kipimo kiwe mililita 50 kwa ndoo ya lita 5 pale lebo inaposema moja kwa mia, si "mmimino mmoja".

*Cheti.* Dhaifu kuliko njia zote, na pengine hakuna. Wafanyakazi waambiwe hivyo mapema, kwa sababu wengi huvumilia joto la mchana wakitarajia karatasi.

*Kubaki.* Hatari ni ndogo. Hakuna aliyepata kitu cha kumuuza sokoni peke yake, na aliyeondoka ameacha 13 wanaojua alichojua.

*Yanayoharibika.* Somo huyeyuka. Mwezi wa pili chupa zimerudi bila maandishi. Hakuna kinachozuia hilo ila kupima. Wiki moja kabla ya mafunzo andika namba tatu: dakika kwa chumba cha mgeni aliyeondoka, vyumba vilivyorudishwa na msimamizi kwa kosa, lita za dawa zilizotumika. Ziandike tena baada ya wiki nne na baada ya wiki kumi na mbili. Gereji ihesabu magari yaliyorudi kwa tatizo lilelile. Pasipo namba hizo utabaki na picha za kikundi mbele ya bango, na mwaka ujao utalipia somo hilohilo. Jambo jengine: meneja asiwe mtu wa kuingia na kutoka na simu sikioni. Akitoka yeye, wote wanajua somo lina thamani gani.

*Inamfaa nani.* Hoteli, migahawa, kampuni za usafi, maduka yenye makarani wengi wanaotumia mfumo mmoja wa risiti za kielektroniki.

Njia ya nne: wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo

Hawa ni wa chuo, si wako. Wanaletwa wiki kadhaa au miezi miwili mitatu, wanajaza daftari, mwalimu wao anapita, unawapa alama, wanarudi darasani.

*Muda na gharama.* Muda mfupi mno kwao kukufanyia kazi ya maana, na gharama ndogo: nauli, chakula na kitambulisho cha mlangoni. Wengine huwachukua bila kuwapa hata nauli. Kijana wa Makunduchi anayejilipia kwenda Mjini kila siku ataanza kukosa wiki ya tatu, na kosa litaandikwa lake.

*Usimamizi.* Wa kati. Wape kazi moja yenye mwanzo na mwisho badala ya kuwatandaza kila idara: kuhesabu ghala upya, kuandika kumbukumbu za matengenezo ya jenereta, kupanga mafaili ya wageni. Nywila za mfumo na droo ya fedha haziwahusu.

*Cheti na kubaki.* Cheti ni cha chuo, hakitoki kwako. Kubaki ndio faida yenyewe: hakuna usaili utakaokuonyesha mtu kama wiki nane za kumwona akiamka, akikosea na akisahihishwa. Mwenye macho huwaandika majina, huwapigia wakihitimu, na hupunguza safari za kutangaza ajira.

*Yanayoharibika.* Kuwatumia kuziba zamu za watu waliopunguzwa. Wafanyakazi hulijua haraka, hununa, na hawamfundishi mwanafunzi kitu. Na kutoa alama za juu kwa wote kwa huruma: chuo kikishaona hivyo, barua yako ya sifa haina uzito tena, hata kwa aliyestahiki.

*Inamfaa nani.* Ofisi, hoteli zinazotafuta watu wa mapokezi na hesabu, na yeyote anayetaka kuanza uhusiano na chuo bila kujifunga.

Mlango wa pembeni

Kuna mtu ambaye njia zote nne hazimhusu: fundi wa miaka kumi na tano, hajapita chuo, kazi anaiweza kuliko waliosomea. Kumpeleka akaanze mwaka wa kwanza na watoto wa kidato cha nne ni kumvunjia heshima. Kwake yeye uliza Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kuhusu kutambuliwa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: anapimwa kwa vitendo, anaonyeshwa mapengo, anayaziba, anapata cheti. Akishapata, ndiye msimamizi wako wa wanagenzi, na zabuni zinazodai mafundi wenye vyeti zinaanza kufikika.

Kalenda huvunja mipango mizuri

Hoteli za pwani hupungua watu Aprili na Mei wakati wa masika, nyengine hufunga kabisa. Hapo ndipo pa kozi fupi na mkufunzi, si Julai wala Disemba. Ila wakati huohuo baadhi ya watu hupewa likizo bila malipo, na kumwita mtu kwenye mafunzo siku asizolipwa ni kumdhulumu. Ramadhani masomo yawe asubuhi, na ya jikoni yaahirishwe, kwa sababu mafunzo ya kuonja chakula mchana wa funga hayafanyiki. Mwanagenzi aanze kabla ya msimu kwa miezi miwili angalau, ili wageni wakifika awe ameshavuka hatua ya kuvunja glasi. Na vyuo vina kalenda zao za mitihani na likizo: ziombe kwa maandishi, zibandike karibu na ratiba ya zamu.

Kwa hali yako

Unafungua hoteli baada ya miezi miwili na wafanyakazi wengi ni wapya: mkufunzi aje, kwa usalama wa chakula, usafi na huduma. Wanagenzi waje mwaka wa pili, pakiwa na watu wa kuwafundisha.

Hoteli yako imetulia, lakini wakuu wa idara wote wametoka nje ya Zanzibar na unataka vijana wa kijiji wapande: uanagenzi, wawili kila mwaka, kwenye idara mbili tu mwanzo. Waongezee kozi fupi ya lugha, kwa kuwa aghlabu ndiyo inayowabakiza nyuma ya jiko.

Duka au mgahawa wa familia wa watu watano, anayekosekana ni wa hesabu: kozi fupi kwa mmoja wa familia au kwa karani aliyekaa muda mrefu, na makubaliano ya kubaki. Uanagenzi hapo hauna pa kukaa.

Kampuni ya viyoyozi au umeme inayokataa kazi kwa kukosa mikono: anza na fundi wako mkongwe apimwe na atambuliwe. Akishapata cheti chukua wanagenzi wawili, na kwa mashine mpya ambazo hata yeye hajazizoea, mlete mkufunzi siku mbili awafundishe wote watatu pamoja.

Una tozo ya ujuzi unayolipa kila mwezi na hujawahi kuuliza inakupa nini: nenda chuo kilicho karibu nawe na orodha ya kazi uliyoandika, uliza ni fani gani wana nafasi za ushirikiano na waajiri mwaka huu. Ukienda mikono mitupu utapewa kipeperushi. Ukienda na orodha utaitiwa mkuu wa fani.

Karakana ya Pemba yenye fundi mmoja na kazi za msimu: chukua mwanagenzi mmoja, wa karibu, kupitia Vitongoji au Daya Mtambwe. Kabla ya kusaini mkubaliane msimu wa karafuu itakuwaje. Vijana wengi huacha karakana kwenda kuchuma, kwa sababu pishi, kipimo cha karafuu zilizochumwa, inalipwa siku hiyohiyo na posho inalipwa mwisho wa mwezi. Ama mkataba umpe wiki hizo kwa ruhusa na zifidiwe mwishoni, ama posho ilipwe kila Ijumaa.